Picha ya Bibi Ilipotoka Giza

Je, umewahi kukabidhiwa jambo la watu ukaliharibu huku ukiamini kabisa kwamba unalifanya vizuri? Sisi limetupata. Sisi ni akina mama watatu wa hapa Mbeya: mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mmoja fundi cherehani, na mmoja muuza mitumba Mwanjelwa. Mwaka 2015 tulichanga fedha tukanunua kamera ya digitali iliyokwisha kutumika, ile ya kubadilishwa lenzi, tukaanza kupiga picha za harusi, vipaimara na mahafali ili tupate ada za watoto. Mwalimu hatukuwa naye. Tulikuwa na kijitabu cha kamera kilichoandikwa Kiingereza, na ujasiri mwingi.

Mwaka wa kwanza tuliiacha kamera ijipangie kila kitu yenyewe. Picha zilitoka za kuridhisha tu, leo nyeupe mno, kesho nyeusi mno. Kisha mwenzetu mwalimu akasikia kwamba wapiga picha wenye kazi yao hugeuza gurudumu hadi kwenye herufi M na kupanga kwa mkono. Nasi tukageuza. Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika kamera ya namna hiyo tuseme hivi: mwanga wa picha hupangwa kwa mambo matatu. La kwanza ni tundu lililo ndani ya lenzi, ambalo hupanuliwa au kubanwa na hupewa namba kama f/3.5 au f/8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. La pili ni shata, yaani kilango kinachofunguka na kujifunga kwa kasi, kwa mfano 1/125 ya sekunde. La tatu ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Ukipanga kwa mkono kamera haikusahihishi. Ulichokipanga ndicho utakachokipata. Angalau hivyo ndivyo tulivyodhani.

Julai 2016 tuliitwa kwenye harusi katika kanisa moja la zamani upande wa Uyole. Julai huku kwetu ni baridi, lakini mbingu ni safi. Nje jua linaumiza macho, na ndani ya kanisa lenye madirisha madogo ni kama jioni. Mchungaji alituomba tusitumie flashi wakati wa ibada, wala tusipite benchi la kwanza. Yote mawili ilikuwa haki yake.

Binti aliyeolewa alilelewa na bibi yake mzaa mama kutoka upande wa Tukuyu, na bibi alikuwa amefika siku mbili kabla akiwa na kitenge kipya ndani ya mfuko wa rambo. Mama wa binti alitunong'oneza mapema: "Dada zangu, hata mkikosa mengine yote, msikose bibi akimvika mjukuu wake kitenge." Tukamwambia asiwe na wasiwasi.

Maharusi walipokuwa wakiingia tulikuwa karibu nao. Lenzi yetu ilikuwa ile inayokuja na kamera, ya kuvuta kutoka milimita 18 hadi 55. Tuliipanua mwisho kwenye 18, tukapima mwanga, tukapanga f/3.5, shata 1/125, ISO 1600. Picha zikatoka safi. Tulikonyezana kwa furaha! Tangu hapo hatukugusa tena gurudumu lolote, kwa kuwa mwanga wa kanisa haukubadilika, nasi tuliamini kwamba mwanga usipobadilika mpango nao haubadiliki.

Maharusi wakafika mbele, sisi tukabaki kwenye benchi letu. Tukavuta lenzi hadi 55 ili tuwapate. Mwenzetu muuza mitumba alikuwa na kamera ya pili, ya kuazima, yenye lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 300. Naye akapanga 1/125 na ISO 1600 kama sisi, kwani si kanisa ni lilelile? Bibi akasimama, akafungua mfuko, akamvika binti kitenge mabegani, akamshika mashavu. Tulipiga picha saba. Kila mara tuliangalia kioo cha nyuma ya kamera na kila mara kiling'aa vizuri. Baadaye bibi akapita mbele yetu akatuambia, "Ndaga fijo," maana yake asante sana, kabla hata hajaziona.

Usiku tulizifungua picha kwenye kompyuta. Loo! Picha za mlangoni zilikuwa nzuri, na tangu altareni kuendelea ilikuwa giza. Kitenge kilionekana, meno ya binti yalionekana, uso wa bibi haukuwepo. Zile za lenzi ndefu zilikuwa giza na tena zimetikisika, kila mtu ana masikio manne. Kioo cha kamera kilikuwa kimetudanganya, kwa sababu ndani ya chumba chenye giza taa ndogo huonekana kubwa. Tulikwenda stesheneri kwa kijana anayejua kompyuta akajaribu kuziongezea mwanga. Uso ukatokea, lakini umejaa chengachenga kama umemwagiwa pumba.

Tuliwarudishia nusu ya malipo. Mama wa binti hakutufokea hata kidogo. Aliuliza tu, "Na ile ya bibi?" Oktoba ya mwaka huohuo bibi akafariki. Picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa imepigwa kwa simu na mtoto wa darasa la saba, nje ya kanisa, bibi akicheka. Tulikuwa pale msibani, na tuliitazama sana picha ile. Baadaye tulikuja kujua kwa nini simu haikukosea: lenzi ya simu nyingi ina tundu moja tu lisilopanuka wala kubanwa, na shata na ISO simu hujipangia yenyewe. Lakini siku ile hatukulijua hilo, tulijua aibu tu.

Matanga yalipokwisha tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko la Mwanjelwa, kabla soko halijaungua mwaka 2006. Kazi yake yote alifanya kwa mikanda ya filamu. Tulimwamkia, tukampa kamera na kumweleza. Hakuuliza kamera ni ya kampuni gani wala tulinunua kwa shilingi ngapi. Alivaa miwani, akaigeuza lenzi na kusoma maandishi yaliyozunguka kioo chake: 1:3.5-5.6.

"Wanangu," akasema, "kosa lenu limeandikwa hapa."

Sisi tulikuwa tumeyaona maandishi hayo mara mia tukidhani ni namba ya bidhaa.

Mzee akatuchukua hadi kwenye korido ya nyumba yake, yenye dirisha dogo upande mmoja. Akatusimamisha karibu na dirisha na kutuonyesha ukuta wa pembeni, una mwanga. Akaturudisha hadi mwisho wa korido: dirisha ni lilelile, lakini ukuta wa mwisho una giza. "Mkitaka ukuta wa huku upate mwanga kama wa kule," akasema, "mtapanua dirisha. Korido ikirefuka mara mbili, dirisha nalo lipanuke mara mbili na lirefuke mara mbili." Lenzi ni korido na tundu lake ni dirisha. Ile namba ya f ni hesabu ya kugawanya tu: urefu wa lenzi kwa milimita ugawanywe kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ni f/2. Lenzi ya milimita 200 ikitaka hata f/4 lazima iwe na tundu la milimita 50, na ndiyo maana lenzi ndefu zenye mwanga mwingi ni nzito kama chungu na bei yake ni ya kiwanja.

Mwenzetu mwalimu akatoa kalamu. Kwenye 18 tundu letu lilikuwa na upana wa kama milimita 5. Tulipovuta hadi 55 lilipanuka hadi karibu milimita 10, lakini korido ilirefuka mara tatu, na tundu halikuwa na uwezo wa kupanuka zaidi. Namba ikasogea yenyewe kutoka 3.5 hadi 5.6. Mwanga uliofika ndani ukawa kama asilimia 39 ya ule wa mwanzo, chini ya nusu. Kamera iliionyesha namba ile mpya kwenye kidirisha chake, sisi tulikuwa tunaangalia bibi harusi. Shata na ISO vilibaki palepale kwa sababu tulikuwa tumeviagiza vibaki. Ili picha ya 55 ilingane na ya 18 tulipaswa kushusha shata hadi 1/50 au kupandisha ISO hadi 4000.

Tukamuuliza mzee: mbona yeye hakupata shida hiyo miaka yote? Akacheka. Kwa miaka mingi alitumia lenzi moja ya milimita 50 isiyovutwa. Akitaka mtu awe mkubwa anamsogelea, akitaka awe mdogo anarudi nyuma. Alikuwa na kanuni iliyochapwa kwenye karatasi za filamu, ya jua kali: weka f/16, na shata iwe moja chini ya namba ya filamu, filamu ya 100, shata 1/100 au 1/125 iliyo karibu nayo. Hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, alikuwa akiiamini kanuni hiyo kuliko saa yake. Nayo haiulizi una lenzi gani. f/16 ya lenzi fupi na f/16 ya lenzi ndefu hupitisha mwanga ulio karibu sawa, kwa maana korido na dirisha vimekwisha kupigiwa hesabu pamoja. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba namba ile ni kama kilo ya sokoni: ilitengenezwa ili watu wenye mizani tofauti waelewane. Kwa hiyo njia rahisi kwa mwenye lenzi kama yetu ni kuivuta kwanza hadi mwisho, kupanga f/5.6, kupima mwanga hapo na kuacha. Ukirudi hadi 18 namba inabaki 5.6 na picha hazibadiliki. Jambo dogo namna hiyo! Lingetugharimu dakika moja.

Kuhusu lenzi ndefu alituambia jingine. Mkono wa mtu hutetemeka, na lenzi ikikuza uso wa mtu hukuza na tetemeko. Desturi ya wapiga picha ni kwamba shata isiwe taratibu kuliko moja chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya 300, shata 1/300. Na kwa kamera kama zetu, ambazo kihisi chake ni kidogo kuliko filamu ya zamani, zidisha kwa moja na nusu, yaani kama 1/500. Mwenzetu alipiga kwa 1/125. Lenzi nyingine zina kitulizo ndani yake, nacho husaidia mkono wa mpiga picha. Hakimsaidii bibi anayetembea.

Tulirudi nyumbani na daftari. Jumamosi tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, upande wa kivuli, tukaweka kamera juu ya stuli, tukapiga kwa kila lenzi tuliyoweza kuazima, zote f/5.6, shata 1/60, ISO 200. Watoto walidhani tumechanganyikiwa. Lenzi mbili zilifanana. Ya tatu, ya kuvuta, ya zamani sana, iliyopatikana kwenye marobota ya mitumba, ilitoa shuka lililofifia, jeusi kidogo. Namba ileile, mwanga mwingine. Tukamrudia mzee huku tukiwa na furaha mbaya ya kumkamata kwa kosa.

Hakukamatika. Namba ya f, alisema, inapima dirisha, haipimi uchafu wa vioo. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, na lenzi ya kuvuta huweza kuwa na vioo kumi au zaidi ndani yake. Piga hesabu ya nyuso ishirini na utaona zaidi ya nusu ya mwanga imepotea njiani. Ndiyo sababu mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alipopata njia ya kupaka vioo utando mwembamba unaopunguza kurudishwa huko, lenzi zenye vioo vingi zikaanza kuwezekana. Wapiga sinema, ambao hawawezi kuvumilia mtu awe mweupe katika kipande kimoja na mweusi katika kingine, huwa na lenzi zenye namba ya pili, namba T, inayopimwa kwa mwanga uliofika kwelikweli. Mfano wa ajabu kuliko yote ni lenzi ya Minolta ya milimita 135, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyoandikwa namba zote mbili: f/2.8 na T4.5. Ndani yake kuna kioo kilichotiwa weusi pembeni kwa makusudi ili nyuma ya picha iwe laini. Ukipanga kwa mkono ukitegemea hiyo 2.8, utapata giza kama letu la Uyole.

Lenzi yetu ya mitumba haikuwa na ufundi wowote wa namna hiyo. Mzee aliielekeza dirishani akatuonyesha nyuzi nyeupe ndani yake kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Huku kwetu mvua hudumu miezi mingi, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi hushika kuvu kama mkate. Tangu siku hiyo mwenzetu wa mitumba hukusanya vile vijipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu, tunavitia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na lenzi zetu.

Jambo la pete tulijifunza wenyewe. Watu hupenda picha ya pete iliyojaa fremu nzima, nasi tulinunua vibomba vya kuweka kati ya kamera na lenzi ili isogelee zaidi. Picha zikatoka nyeusi. Lakini sasa hatukukimbilia kwa mzee, kwa kuwa tuliikumbuka korido. Kibomba kinairefusha korido na dirisha linabaki lilelile. Lenzi ya 50 ikisogezwa mbele milimita 50 nyingine, pete hutokea kwa ukubwa wake halisi juu ya kihisi, na f/8 hufanya kazi kama f/16: robo tu ya mwanga. Tulishusha shata mara nne, tukaweka kamera juu ya Biblia mbili na mto, tukafaulu.

Mwaka 2018 mama yuleyule alituletea kadi. Binti yake mdogo anaolewa, kanisa lilelile, Julai tena. Tulimuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Njooni tu."

Tulikwenda siku moja kabla, saa nane mchana, tukamwomba mzee wa kanisa atufungulie. Mwenzetu fundi cherehani alisimama mbele ya altare akijifanya bibi harusi, tukapima mwanga usoni kwake, si kwenye kitambaa cheupe alichojifunika, kwa sababu kamera ikipima nguo nyeupe huidhania ni ya kijivu na kuugeuza uso makaa. Kisha tukaandika kwenye daftari, kila lenzi na mstari wake. Lenzi ya kuvuta: f/5.6, 1/125, ISO 4000. Lenzi ya 50, ambayo sasa tulikuwa tumenunua na ambayo hufunguka hadi f/1.8: f/2.8, 1/125, ISO 1000. Ingewezekana kufungua hadi mwisho na kupata mwanga zaidi, lakini tulikwisha kuona kwamba kwenye 1.8 jicho la bibi harusi huwa kali na la bwana harusi huwa ukungu, na watu wanaokumbatiana si bapa kama karatasi. Ile ndefu ya 300, kwa shata 1/500, hesabu ilituambia ISO 16,000. Kamera yetu mwisho wake ni 6400. Basi lenzi ndefu ilibaki nyumbani kwenye ndoo, na tukamwomba mchungaji ruhusa ya kukaa benchi la kwanza, upande wa madirisha, tukiwa tumevaa viatu visivyolia. Alikubali.

Siku ya pili mama mwenyewe ndiye aliyesimama mahali pa bibi. Alikuwa na kitenge kilekile, alikiazima kwa binti yake mkubwa. Tulipiga picha nne kwa lenzi ya 50. Hatukuutazama ung'avu wa kioo tena. Tuliitazama ile grafu ya mwanga inayochorwa kama mlima, ambayo giza likizidi mlima wote husogea kushoto. Wa kwetu ulisimama katikati, mpana kama Loleza unapouona ukiwa mjini.

Ibada ilipokwisha mama akatujia moja kwa moja, kabla hajasalimia wageni wake. "Na leo?" akauliza. Kwa furaha mwenzetu mwalimu akamwonyesha mlima na kuanza kumfafanulia. Mama akasema yeye hajui mambo ya milima, anataka kuona uso. Tukamfungulia uso.